Mbavu za jahazi, paa la nyumba

*Mafundi wa vyombo wa Pwani wanajua kupinda mbao nyembamba zikabeba mzigo mzito. Je, ujuzi huo unaweza kumpa mtu wa kipato kidogo chumba anachoweza kujijengea mwenyewe? Wahandisi, walinzi wa mikoko na hata majirani wana ya kusema.*

Kisiwani Lamu, ufukweni Matondoni, chombo kinachoundwa huweza kukaa juu ya magogo miezi kadhaa kikingoja fedha za mwenyewe. Mkuku umelazwa, mbao za chini zimepanda pande zote mbili, na ndani fundi anahangaika na taruma moja. Ni tawi lililojipinda lenyewe mtini, la mtondoo au la mwembe. Analiinua, analipachika, anatazama mwanga unaopenya kati ya tawi na ubao, analiteremsha, analichonga kwa tezo, analirudisha. Mwanga ukizibika, taruma limekaa. Karatasi haipo wala ramani.

Mikono hiyo hiyo inayounda mwili wa kustahimili mawimbi ya kusi, jioni hurudi kulala chini ya mabati yaliyopigiliwa misumari juu ya miti minne. Upepo ukivuma sana, mabati hupiga kelele usiku kucha. Ukizidi, huondoka.

Ukikipindua kile chombo kichwani mwako, mkuku unakuwa uti wa paa, mataruma yanakuwa makombamoyo, na mbao za ubavuni zinakuwa ukuta na paa kwa pamoja. Wazo hilo huwajia wengi wanaokaa karibu na vyombo, na kwa kawaida huishia kwenye mazungumzo ya barazani. Makala haya yamelichukua kwa uzito wake: chumba kidogo kabisa, cha mtu kujijengea kwa msaada wa fundi mmoja, kinachokopa ufundi wa baharini. Kinawezekana? Na kikiwezekana, mbona hakipo?

Watu 22 chini ya mashua mbili

Mfano mkali zaidi wa nyumba ya namna hii ulizaliwa na shida. Mwaka 1916 mabaharia wa msafara wa Ernest Shackleton, waliopoteza meli yao kwenye barafu ya Antaktika, walikwama kwenye Kisiwa cha Elephant. Shackleton alipoondoka na wenzake watano kwa mashua kwenda kutafuta msaada, watu 22 walibaki. Walipanga mawe yakawa ukuta mfupi, wakapindua juu yake mashua mbili zilizosalia, wakaziba mianya kwa turubai. Waliishi humo miezi minne hivi, hadi meli ya Chile iitwayo Yelcho ilipowafikia Agosti 30. Wote walikuwa hai.

Kwenye kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza, wavuvi walizipindua mashua kuukuu wakazifanya stoo za nyavu, na baadhi zingali pale. Lakini hizo ni mashua zilizomaliza kazi yake. Swali letu ni la mtu anayeanza na mbao mpya, zilizonunuliwa kwa pesa yake.

Kwa huyo, aliye na funzo kubwa zaidi ni msanifu Mfaransa Philibert de l'Orme, aliyechapisha mwaka 1561 kitabu kuhusu kujenga vizuri kwa gharama ndogo. Miti mirefu ilikuwa adimu. Akaonyesha jinsi vipande vifupi vya mbao, vikiunganishwa kwa kupishana, vinavyotoa upinde mmoja mpana wa kubeba paa. Upinde hupata nguvu kutokana na umbo lake, kwa hiyo hauhitaji mti mnene. Mtu wa Matondoni angemwelewa bila mkalimani.

Kushona kabla ya kupigilia

Pwani yetu ina urithi ambao wengi wanaujua kwa jina tu: mtepe. Chombo hiki cha visiwa vya Lamu na Wabajuni kilishonwa. Mbao zilitobolewa pembezoni, zikakazwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa. Mitepe ya mwisho ya kazi iliundwa katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, lakini vyombo vya kushonwa vya pwani hii vimetajwa tangu karne ya kwanza, katika maelezo ya mfanyabiashara wa Kigiriki kuhusu njia za Bahari ya Hindi.

Chombo cha kushonwa kinajikunja kidogo. Kikigonga fungu la mchanga, mbao hucheza badala ya kupasuka, kisha hurudi mahali pake. Kwamba ufundi huo haujapitwa, Waoman walionyesha mwaka 2010: Jewel of Muscat, chombo kilichoshonwa Qantab bila msumari kwa mfano wa merikebu ya karne ya 9, kilisafiri kwa tanga hadi Singapore.

Cha kushangaza, uzi ule ule ulirudi Uingereza kwa njia ya mlango wa nyuma. Mwaka 1962, kwa udhamini wa gazeti la Daily Mirror, ilitoka mashua ndogo iliyoitwa Mirror, ambayo mtu asiye fundi angeweza kuiunda nyumbani. Waliobuni ni Jack Holt, msanifu wa mashua, na Barry Bucknell, mtangazaji wa televisheni aliyewafundisha watu kazi za mikono. Mbao nyembamba za plaiwudi zilikatwa, zikatobolewa matundu pembezoni, zikashonwa kwa waya wa shaba. Umbo likishakaa, viungo vilifunikwa kwa utepe wa faiba na gundi, na waya ukakatwa. Zaidi ya 70,000 zimeundwa.

> *Upinde hupata nguvu kutokana na umbo lake, kwa hiyo hauhitaji mti mnene.*

Kwa mjenzi wa nyumba faida iko hapa: kushona hakudai kiungo cha seremala bingwa. Mbao mbili zikikutana kwa pembe yoyote, waya unazishika huku ukirekebisha. Kosa linaonekana kabla halijagandishwa na gundi.

Chumba cha futi 9 kwa 16

Tuchore sasa. Huu ni mfano wa mezani, si ramani ya kupeleka kaunti, lakini vipimo vyake vinatoka dukani, na hilo ndilo sharti la kwanza. Karatasi ya plaiwudi inauzwa futi 8 kwa 4. Chumba kizuri ni kile kisichokulazimisha kuikata.

Sakafu ni futi 9 kwa 16, imenyanyuliwa juu ya nguzo fupi ili mchwa na maji ya mvua vipite chini. Ukuta wa kando una urefu wa futi 3 tu. Juu yake zinasimama pinde tano, moja kila futi 4, zenye kilele kilichochongoka kama mkuku uliopinduliwa. Kila upande wa upinde una urefu wa futi 8, sawasawa na karatasi moja. Karatasi nne zikilala upande huu na nne upande ule, paa limekwisha, na nusu futi ya kila karatasi inachomoza nje ya ukuta kumwaga maji. Katikati, kichwa chako kina zaidi ya futi 8 za kupita.

Upinde wenyewe haufuati njia ya tawi lililojipinda. Matawi hayo ni adimu, na fundi wa vyombo anayahitaji kuliko wewe. Hapa mbao zilizonyooka zinapasuliwa ziwe nyembamba, nusu inchi kila moja, kisha sita zinapakwa gundi na kukunjwa pamoja kwenye kigezo. Zikikauka hazinyooki tena. Kigezo ni vipande vya mbao vilivyopigiliwa sakafuni kufuata mstari wa umbo kamili. Nusu pinde zinazohitajika ni kumi, kwa hiyo vibao 60 vya futi 8.

Kazi hii ina raha yake ya pekee. Kibao cha nusu inchi kinakunjika kwa nguvu za mikono miwili, kikiminywa kwenye kigezo kwa kabari. Cha pili kinakuja juu yake huku gundi ikitoka pembeni. Ukifika cha sita, kitu kilichokuwa kikicheza kama fito kimekuwa kigumu kiasi kwamba unaweza kukisimamia.

Karatasi ya milimita 6 hukubali mkunjo huo bila mvuke wala maji ya moto. Kwenye kilele, karatasi za pande mbili zinakutana na kushonwa kwa waya, halafu utepe na gundi. Kwenye pinde, anayetaka chumba cha kuhamishika atafunga kwa kamba kupitia matundu badala ya kupigilia. Kamba ya nailoni huliwa na jua, hivyo fundo likae ndani, kivulini.

Upepo haujali uzito wa paa

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu wepesi unasifiwa bila kupigiwa hesabu.

Karatasi nane za milimita 6 zina uzito wa kilo 80 hivi, na zinafunika takriban mita 24 za mraba. Upepo wa kilomita 108 kwa saa husukuma kwa nguvu ya kama kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Tuseme ni nusu tu ya nguvu hiyo inayovuta paa kwenda juu. Bado ni zaidi ya kilo 600 zikishindana na 80. Na kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne.

Desemba 14, 2024, kimbunga Chido kilipita Mayotte kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Vilima vizima vya vibanda vya mabati na mbao, vilivyojengwa na wenyewe, vikabaki udongo mtupu. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Komoro na kaskazini mwa Msumbiji. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, jambo ambalo mzee wa kisiwani hakuzoea kulihesabu miongoni mwa hofu zake.

> *Kilo 80 za paa zinashindana na zaidi ya kilo 600 za upepo. Nanga ndiyo inayoanza.*

Umbo la chombo linasaidia, maana upepo huteleza juu ya mgongo uliopinda kuliko unavyoteleza kwenye paa la pembe kali. Ila msaada huo hauna maana kama chumba hakijatia nanga. Kila upinde ushuke na kukamatwa na nguzo, na kila nguzo ikamatwe na ardhi kwa zege au kwa mti wa kulala uliozikwa. Mnyororo huo, kutoka kilele hadi udongoni, ukikatika mahali pamoja umekatika wote. Mabaharia hawahitaji kuelezwa hili. Wajenzi wa vibanda, kwa bahati mbaya, hutumia pesa kwenye paa kwanza.

Pale bahari inapompotosha mjenzi

Si kila kilicho chema majini ni chema nchi kavu.

Kalafati ni mfano bora. Fundi hupachika pamba iliyolowa mafuta kwenye mianya ya mbao, akaipiga kwa patasi butu mpaka ikae. Chombo kikishushwa majini, mbao hunywa maji, huvimba, na kuibana ile pamba. Chombo kilichokaa juani muda mrefu huvuja siku ya kwanza kikirudi baharini, kila mvuvi anajua. Sasa kifanye paa: kinakauka miezi mitatu ya kaskazi, mianya inafunguka, halafu masika inaingia kwa ghafla. Mtu akikuahidi paa la mbao za kukalafatiwa, mwambie alale humo yeye kwanza.

Ndiyo maana mfano wetu unatumia karatasi na si mbao za ubavuni. Hata karatasi ina masharti. Plaiwudi ya kawaida ya dari huachana tabaka ikilowa. Inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, ya matumizi ya baharini, na bei yake ni mlima mwingine. Kingo zote lazima zinyweshwe gundi kabla ya kufungwa, na jua la Pwani litaimenya rangi kila baada ya misimu michache. Chombo hupakwa mafuta ya sifa na deheni mara kwa mara na hakuna anayelalamika. Nyumba watu hutaka waijenge waisahau.

Makuti je? Ni rahisi, yanapoza na yanafahamika. Lakini yanataka mwinamo mkali ili maji yasitulie, na upinde wetu unasimama karibu wima ukutani kisha unalala kadiri unavyokaribia kilele, ukabaki na mwinamo wa digrii 27 hivi. Hapo juu kabisa makuti yatavuja na kuoza. Ukiyataka, chora upinde mrefu na mwembamba zaidi, upoteze nafasi ya sakafu.

Na joto. Ndani ya chombo kilichofunikwa, saa saba mchana, hakukaliki. Chumba hiki kisipotobolewa madirisha makubwa ncha zote mbili, juu kabisa karibu na kilele, kitakuwa tanuri. Ncha moja ielekezwe upande unaotoka kusi, kusini-mashariki, na hewa ipite kama kwenye bomba.

Boriti, plastiki na msitu

Kwa nguzo za chini jibu la Pwani ni la miaka mingi: boriti za mikoko, ambazo mchwa hauzipendi. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti, na majahazi yalizipeleka hadi Ghuba, ambako vyumba vya kale vina kipimo hicho hicho.

Lakini zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na kila boriti inayokatwa inasimamiwa kwa leseni. Walinzi wa misitu wana hoja nzito: mkoko ndio unaovunja mawimbi kabla hayajakufikia. Kuukata ili ujenge kinga dhidi ya dhoruba ni kukopa mkono wa kushoto kumlipa wa kulia. Wakataji nao wanajibu kwamba ndiyo kazi waliyorithi, na kwamba msitu unaotumika kwa utaratibu hutunzwa. Kwa chumba kimoja chenye nguzo kumi, nadhani wakataji wana haki. Kwa mtaa mzima sidhani.

Njia ya tatu ilionyeshwa na mradi wa Flipflopi hapo hapo Lamu. Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliyeyusha takataka za plastiki, tani 10 hivi, wakatoa mbao, mataruma na mkuku. Jahazi lenye urefu wa mita 9, lililovikwa malapa 30,000, lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mbao ya plastiki ni nzito na inalegea kwenye joto, kwa hiyo sitaiamini kwa upinde mwembamba. Kwa nguzo na sakafu, mahali pa unyevu na mchwa, ingefaa sana.

Nani anakataa

Mhandisi anataka hesabu. Kanuni za kitaifa za ujenzi za Kenya za mwaka 2024, zilizoshika nafasi ya zile za 1968, zinataka michoro na wataalamu waliosajiliwa. Fundi wa vyombo hana mchoro. Ujuzi wake uko kwenye jicho na mkono, na hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika jicho. Wote wawili wana haki, na hapo ndipo jambo linakwama: jengo likimwangukia mtu, jicho haliitwi mahakamani.

Mwenye kiwanja ana kizuizi chake, na hiki hakitatuliwi na mhandisi. Nyumba ya heshima ni ya matofali. Mtu ataishi miaka kumi kwenye kibanda kibovu huku akipanga tofali moja moja, kuliko kukamilisha chumba kizuri cha mbao ambacho jirani atakiita banda. Benki nayo inamuunga mkono jirani.

London kulikuwa na mtu aliyekutana na dharau hii. Walter Segal, msanifu, alitaka kubomoa na kujenga upya nyumba yake ya Highgate mwanzoni mwa miaka ya 1960, akahitaji pa kuiweka familia kwa muda. Akasimamisha bustanini nyumba nyepesi ya mbao kwa wiki mbili, kwa pauni 800 hivi, akitumia karatasi na mbao kwa vipimo vya dukani ili aweze kuziuza tena. Nyumba ya muda ikadumu miongo mingi. Baadaye halmashauri ya Lewisham ikatoa viwanja vya mteremko ambavyo wakandarasi hawakuvitaka, na watu wa kawaida, wengi wasiowahi kushika msumeno, wakajijengea kwa njia yake. Kilichowasaidia zaidi ya ubunifu ni kwamba halmashauri ilikubali kuwa mshirika.

Kwa mafundi wa vyombo, nilitarajia hili lingekuwa neema bila swali. Boti za faiba zinachukua soko, na mbao kama mbambakofi zimekuwa ghali. Lakini chumba cha futi 9 kwa 16 hakilipi kama jahazi, na plaiwudi ya kushona kwa waya ni kazi ambayo kijana mwerevu ataijua kwa wiki moja kisha asimhitaji fundi. Fundi atapata ujira pale tu anapolipwa kwa kile asichoweza kukifanya kijana: kuchora mstari wa kigezo sakafuni, kuchagua mbao isiyo na fundo mahali pa mkunjo, na kusema upinde upi urudiwe.

Anayetaka kujaribu asianze na chumba. Aunde upinde mmoja, auache wiki mbili gundi ikomae, ausimamishe kati ya nguzo mbili na kuufunga miguu. Kisha atundike magunia ya mchanga ya kilo 50, moja moja, pande zote mbili, akipima kwa rula kilele kimeshuka kiasi gani kila gunia linapoongezwa. Mhandisi wa kaunti akaribishwe asubuhi hiyo. Namba zitakazoandikwa hapo ndizo atakazoweza kuzitia saini.